Shimo la Majak

Sisi wa Kakuma hatueleweki: mwaka mzima tunalilia maji, yakija tunayakimbia. Jirani yangu Awut, mama wa Kidinka anayeuza unga na chumvi hapa katika kambi ya wakimbizi, yalimwingilia kwa chini. Mvua ilikuwa imekatika, lakini ukuta wake wa udongo uliendelea kulowa kutoka sakafuni kwenda juu, na miguu ya kitanda anacholala na wajukuu wake ikaanza kuzama.

Chanzo chake ni kosa letu sote. Hapa ukitaka nyumba unachimba udongo palepale, unafyatua matofali, unayaanika, unajenga, unahamia, na shimo unaliacha ubavuni mwa nyumba. La Awut alilichimba mwanawe Majak. Alimjengea mama, akaongeza chumba chake pembeni, kisha akaenda Juba kutafuta kazi. Miaka imepita. Awut alikifagia chumba hicho kila Jumapili kabla ya kanisa, na ole wako umwombe uweke hata gunia humo.

Fundi Lokuruka alipoitwa, aliuchoma ukuta kwa ncha ya panga. Ikazama.

"Mama, maji inatoka kwa hiyo shimo, inaingia chini ya msingi. Ijaze, ushindilie, alafu tukate mtaro."

"Nijaze na mchanga ya laga, ile ya mto mkavu?"

"Mchanga inapitisha maji. Na ukichimba udongo, unafungua shimo ingine." Akakitazama chumba kilichofungwa. "Matofali kavu uko nayo."

"Hiyo ni ya Majak," Awut alisema. "Kijana akikosa chumba kwa mama yake, atarudi kufanya nini?"

Alishikilia msimamo huo mpaka kipande cha ukuta kilipomeguka kando ya wajukuu wakiwa wamelala. Basi akakivunja chumba kwa mikono yake. Mimi nilibeba vifusi hadi shimoni, yeye akavishindilia kwa gogo, na Lokuruka akakata mtaro. Alilia waziwazi, nami nikalia, ingawa huyo Majak hata simu zake ni za Krismasi tu.

Ukuta ulikauka. Awut akampigia mwanawe kumwomba msamaha, nami nimekaa karibu, nasikia yote.

"Ungevunja kitambo, Mama," Majak alisema. "Mimi nilishajenga huku. Sirudi Kakuma."

Hasira zilinipanda. Awut aliweka simu chini, akachukua gogo la kushindilia, akarudi kwenye shimo lililokwisha kujaa, akaanza kupiga pale palipokuwa pagumu tayari.