Wifi na Unga wa Mbio

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kiburi chake chote kiko machoni. Mteja akiingia dukani, anamtazama mara moja juu hadi chini, anachukua mkasi, anakata. Futi ya kupimia inaning'inia ukutani kama pambo. Na gauni linakaa, jamani, linakaa mpaka unakereka, maana mwenye majivuno ukitaka akosee hakosei.

Ugonjwa wake mwingine ni kukimbia. Si kule kukimbia kwa kuzunguka mtaa. Anakimbia zile mbio ndefu za kutoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Mwaka jana alianguka akiwa karibu kabisa kumaliza, akabebwa kwa machela, macho yamegeuka. Alikuwa amekwenda na chai kavu tumboni, eti akila anakuwa mzito. Mume wangu ndiye kaka yake, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Pale hospitalini alimshika mkono akamwambia, "Ukibebwa tena, mbio basi. Niahidi." Akaahidi. Na wifi akimuahidi kaka yake kitu, harudi nyuma hata umlipe.

Basi mwaka huu akaja na mfuko wa unga mweupe. Akanieleza kuwa ni unga wa wanga, unakorogwa kwenye maji, mkimbiaji anakunywa njiani, mwili unapata nguvu bila kutafuna. Nikaonja. Utamu wa mbali, harufu hakuna.

"Wifi, huu ni uji uliokata tamaa," nikamwambia.

Mfuko ulikuwa na maelezo na kijiko cha kupimia. Mwenzangu akakiweka kando, akamimina kwa jicho. Aliporudi kutoka mazoezini alikuwa juu ya pikipiki ya watu, kashika tumbo, akanipita sebuleni bila salamu na kujifungia chooni. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaenda kumgongea.

"Tumbo si kitambaa, wifi. Pima."

"Niache."

Sikumwacha. Tangu siku hiyo nikapima mimi, nikatikisa chupa mimi, yeye kakaa pembeni kanuna. Tulianza na kidogo, tumbo likazoea, tukaongeza. Akaanza kurudi kutoka mazoezini akiwa na nguvu za kunisema, nikajua unga umekubali.

Siku ya mbio nilisimama na chupa karibu na kituo cha mafuta, zikiwa zimebaki kilomita chache. Mara huyo, shingo juu, anatabasamu.

"Sitaki, niko sawa," akasema, akapita.

Damu ilinichemka. Mwaka jana pia alikuwa sawa, mpaka alipolala barabarani. Nikakunja sketi nikamfukuza, ndala zinapiga lami, watu wananishangilia wakidhani nami ni mshindani.

"Kunywa sasa. Ukingoja uchoke umeshachelewa," nikamwambia huku pumzi zinakata. "Ukibebwa tena ndio mwisho wako, unajua. Utakaa kwenye hicho cherehani ukiwatazama wenzako dirishani."

Alinitazama. Akachukua chupa, akanywa kwa mafunda madogomadogo akikunja uso, akanirudishia tupu. Nikakaa ukingoni mwa barabara, moyo unataka kutoka, kisha nikapata mtu wa pikipiki wa kunipeleka mwisho wa mbio.

Mume wangu alikuwa amesimama pale karibu na utepe, ameshindwa hata kukaa. Nilisimama kando yake nikiogopa kuliko yeye. Wakapita wengi tusiowajua. Halafu akatokea, mwendo wa polepole, chumvi imekauka shavuni, lakini miguu ni yake na macho yako mahali pake. Akavuka mstari, akaja moja kwa moja hadi kwa kaka yake.

"Kaka, mwakani naruhusiwa?"

Mume wangu alikuwa analia, mtu mzima, mbele za watu. Akamfuta dada yake uso kwa mkono wa shati lake, taratibu, na wifi akatulia akafutwa.

"Mwakani," akasema mume wangu, "chupa nitashika mimi."