Mwendo wa Shoga wa Kwenye Simu

Kwenye basi la kampuni linalotupeleka sisi walinzi, huku Uarabuni, kutoka Al Qusais hadi Marina, simu moja hutazamwa na viti vinne. Jumanne ilikuwa zamu ya kichekesho cha nyumbani: shoga mwenye wigi anapita sokoni akitikisa nyonga, mwishowe muuza nyanya anamzaba makofi. Ni shoga yuleyule kila filamu, hubadilishwa wigi tu. Basi zima lilicheka, nami nikiwemo.

"Hawa hawajifichi," alisema mwenye simu. "Mwendo tu unawauza."

Jirani yangu wa kiti, mwanamume wa mabega mapana, ndiye aliyecheka kuliko wote. Tuliposhuka akanivuta kando.

"Kaka, mwaka mzima unatembea nyuma yangu. Mwendo wangu ukoje?"

Huku neno kwamba mtu ni shoga likimfikia msimamizi, khalas, umekwisha: ni jela au ndege ya kurudishwa nyumbani.

"Wa askari," nikamjibu.

"Kweli?"

"Kweli."

Akashusha pumzi, akakaza mabega, akaenda langoni kwake kwa hatua za kupimwa. Sisi kichekesho tulikisahau kabla ya chai. Yeye anafanya mtihani wake wa mwendo kila siku, na wasahihishaji ni sisi tuliocheka.