Vijitabu vya Msiba Visivyofunguka

Nilitoka Tunduru nikifuata dhahabu, nikabadilisha mabasi hadi machimbo ya Kewanja. Dhahabu ikanikataa, nikaajiriwa duka la fotokopi lenye mashine inayobana karatasi kwa pini. “Naijua vizuri,” nilimwambia tajiri. Nilikuwa naiona mara ya kwanza.

Mama Bhoke, ambaye mumewe alifukiwa na kifusi duarani, ndani ya shimo la dhahabu, alileta ratiba ya mazishi yenye wimbo alioupenda marehemu. “Nataka watu wote wamuimbie,” alisema.

Nilikunja karatasi, nikazipitisha mashineni ili zibanwe mgongoni. Kumbe niliziingiza kinyume, pini zikabana upande wa kufungulia. Sikukagua hata kijitabu kimoja.

Makaburini Nyarero, nilikovipeleka vijitabu, mchungaji akasema, “Tufungue ndani, tuimbe.” Watu wakavuta, karatasi zikachanika.

Mzee mmoja akanigeukia. “Mura, kijana, wimbo umeufungia humu?”

Nilitamani kuingia kaburini kabla ya marehemu.

Mama Bhoke akakitazama kijitabu chake, akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. “Mwacheni. Mume wangu mwenyewe hakujua kusoma. Aliuimba hivihivi.”

Akauanzisha, watu wote wakampokea. Niliimba hadi mwisho, kisha nikapanda basi la jioni. Kewanja sikurudi tena.