Mbegu Juu ya Moto

Harufu ya mtama uliokaa moshini naijua hata nikifumba macho. Mtu akiniletea gunia la kuuza, kwanza nanusa, kisha napima, kisha napima tena, maana pua yangu naiamini kuliko pishi za watu. Na kila ninaponusa hurudi jikoni kwa bibi, kule Mtanda, mwaka ule vita na Mjerumani ilipotulia, njaa ikabaki.

Askari walikuwa wamechoma ghala letu la shamba. Kilichosalia ni masuke machache yaliyofungwa pamoja, yakining'inia juu ya moto ili moshi ufukuze wadudu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Ikiliwa, mvua ingetukuta hatuna cha kupanda. Sisi tulikula ming'oko, mizizi ya kuchimba porini: asubuhi ming'oko, jioni ileile, ila imepoa.

Kazi yangu ilikuwa kuyageuza masuke yasiungue. Sasa, mkono wangu ulikuwa na tabia yake: ukigusa suke, punje imeshafika mdomoni.

"Bibi, punje moja tu kwa siku?" nilijaribu kupatana.

"Hata ganda lake! Mvua ikija tupande mate yako?"

Hakunipiga. Bibi alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Kwanza alinipaka vidoleni shubiri, ile wanayojipaka kina mama wakitaka kumwachisha mtoto ziwa. Kaka yangu Selemani alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, huyu anaachishwa ziwa mara ya pili!" Baada ya siku chache nikaizoea, kwa njaa ile, hata uchungu ulikuwa kitoweo. Bibi akanifunga mkono wa kulia kwa kitambaa. Wa kushoto ukajifunza kazi upesi ajabu.

Ndipo akaniambia, "Jaza maji mdomoni. Usiyameze mpaka umalize kugeuza."

Hapo mambo yakabadilika. Punje ilifika mlangoni ikakuta nyumba imejaa. Ili niile, ilinipasa nimeze maji kwanza, na katika kuyameza nilipata nafasi ya kujiuliza: hivi kweli naitaka? Naitaka, ndiyo. Lakini mkono ulikuwa umekwisha shuka.

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Siku zile bibi alikaa jikoni mashavu yamefura.

"Shikamoo, bibi."

"Mm."

Selemani akasema bibi amenuna kwa ajili yangu. Nikaamini, nikazidi kujitahidi.

Mvua ya kwanza ilipolowesha ardhi, bibi aliteremsha masuke, tukayapukusa, tukapanda yote. Shikamoo yangu ya siku ile aliiitikia, "Marahabaa, mjukuu wangu!" kwa sauti ndefu, kama anayenilipa na zile za nyuma.

Sikujiuliza dawa ile aliijulia wapi. Miaka ikapita, nikapata jiko langu na watoto wangu, na mwaka mwingine wa shida. Nilikuwa peke yangu na chungu cha uji wao, mwiko mkononi. Nikainuka, nikachota maji mtungini, nikajaza mashavu, nikaketi.

Binti yangu akaingia. "Shikamoo, mama."

"Mm," nikamwitikia.