Jina Langu Kwenye Kioo

Nilipoanza kushona nguo za watu pale Geita, mafundi cherehani wote wa mjini walikuwa wanaume. Walikaa kwenye baraza za maduka, na mwanamke aliyetaka gauni alisimama palepale, mbele ya wapita njia, apimwe kifua na kiuno. Wengi hawakukubali. Walipeleka gauni kuukuu liwe kipimo, na kama jipya lilirudi linabana kwapani au limepwaya mabegani, walilivaa hivyohivyo.

Mimi nilikuwa nimejifunza kushona kwa masista wa misheni kabla sijaolewa. Mume wangu alikuwa seremala mgodini, Msukuma kama mimi, mtu wa maneno machache. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Kalangalala, na chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana linalotazama njia ya kwenda sokoni. Nikamwambia, "Nataka hiki kiwe chumba cha kazi. Wanawake waingie ndani, nifunge mlango, niwapime kwa heshima."

Alikubali, ila aliniuliza swali moja: "Watajuaje kwamba ndani kuna mwanamke?"

Lilikuwa swali la haki. Mlio wa cherehani hausemi ni nani anayeizungusha.

Kibao cha kwanza nilikitengeneza kwa ubao mwembamba wa sanduku la majani ya chai. Niliandika kwa chokaa na kijiti kilichotafunwa ncha. Kilipendeza kwa siku tisa. Siku ya kumi ilinyesha, chokaa ikatiririka ukutani kama maziwa, na ubao wenyewe ukavimba ukaanza kubanduka tabaka kwa tabaka. Nikaung'oa, nikautia jikoni.

Safari ya pili mume wangu alipasua debe, akalinyoosha kwa nyundo hadi likawa bapa, akalipigilia kwenye fremu ya mbao. Tukamwita fundi rangi aliyeandika vibao vya maduka karibu yote ya mjini. Nilimpa jina langu kwenye karatasi, na chini yake maneno mawili: FUNDI CHEREHANI. Nikaenda kisimani. Niliporudi, debe limeshaandikwa kwa rangi nyekundu, herufi nzuri zilizonyooka, lakini jina lilikuwa la mume wangu.

"Umekosea," nikamwambia.

"Sikukosea, mama. Kibao cha kazi huandikwa jina la mwenye nyumba. Nikiandika la kwako, watu watamcheka bwana."

"Kwani bwana ndiye atakayewapima wanawake kiuno?"

Alicheka, akadhani namtania. Alipoona sicheki akafunga kopo lake la rangi. Alisema yeye ana heshima yake mjini na hawezi kuweka mkono wake kwenye jambo kama hilo. Akaondoka. Nilikaa kizingitini nikilitazama lile debe. Nilichokiogopa hasa ni kwamba jioni mume wangu angeliona, na pengine angelipenda.

Alirudi, akalisoma taratibu. "Hili si langu," akasema. "Mimi hata uzi siwezi kuupitisha kwenye sindano." Tukalikwangua pamoja.

Ningeweza kutafuta mwandishi mwingine, lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshaona kwamba debe lenyewe halifai. Mchana jua liliwaka juu yake hata ukashindwa kulitazama, na penye misumari kutu ilikuwa imeanza. Kulikuwa na tatizo jingine pia, nalo lilikuwa kubwa kuliko kibao. Nikifunga dirisha la mbao ili mtu avue nguo apimwe, chumba kiliingia giza na futi ya kupimia sikuweza kuisoma. Nikilifungua, wanaume waliokuwa wakitoka zamu walipunguza mwendo. Niliweka pazia la kitambaa cha marekani, upepo ukalipeperusha. Wateja wangu wawili wa mwanzo hawakurudi.

Kiangazi hicho nilikwenda Shinyanga kumwona mama yangu. Siku moja nikapita mjini mbele ya duka la dawa, nikasimama. Dirisha lake lilikuwa la kioo. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe, huwezi kuona ndani, na juu ya weupe huo kulikuwa na herufi za buluu. Nusu ya juu ilikuwa wazi, ikipitisha mwanga. Niligusa herufi kwa kidole. Sikuhisi kitu, kioo tu, laini.

Mwenye duka, Mhindi mzee aliyevaa miwani, akatoka. "Unataka dawa gani, mama?"

"Shikamoo. Sitaki dawa. Nataka kujua maandishi haya yameshikaje."

Alinitazama kwanza, kisha akaniita ndani. Kwa upande wa ndani herufi zilikuwa zimefunikwa na rangi nyeupe, hata hazikuonekana sawasawa. "Yameandikwa huku," akasema. "Kinyumenyume. Nje kuna mvua, kuna vumbi, kuna mikono ya watu. Huku nani atagusa? Unaanza na herufi. Zikikauka, ndipo unapaka nyeupe juu yake. Ukianza na nyeupe umeharibu."

Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha akanionyesha duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa ng'ambo ya barabara. Huko nilinunua vioo viwili, kopo la rangi nyeupe ya mafuta na dogo la buluu, tapentaini na brashi nyembamba. Aliyeniuzia aliniambia neno moja ambalo nililishika: kioo kisafiri kimesimama, kisilazwe.

Mama yangu alinipa blanketi lake la kuvifungia. Dereva wa lori alipoona mzigo wangu akasema, "Laza hapo juu ya magunia."

"Havilazwi."

"Basi vitasimama wapi?"

"Nitavishika mimi."

Nilisafiri nimekaa juu ya magunia ya chumvi, vioo nimevibana katikati ya magoti, mikono yote miwili imevizunguka. Watu walishuka kunyoosha miguu, mimi sikushuka. Tulipoiacha Segese nyuma, gurudumu likatumbukia shimoni. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinavunjwa. Sikufungua blanketi. Kutoka pale hadi Geita nilijiambia kwamba ulikuwa mlio wa lori.

Nyumbani nilipofungua, kioo kimoja kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe. Hapo nililia, siwezi kusema uongo. Mume wangu aliniacha nilie, halafu akachukua futi yake ya seremala akaanza kulipima dirisha. "Nusu kioo, nusu mbao," akasema. "Mbao utafungua ukitaka upepo. Kioo kitakaa upande wanakotokea waendao sokoni."

Kazi ya kuandika niliifanya mwenyewe. Nilidhani nitaweza kwa kukisia. Nikaandika polepole kutoka kulia kwenda kushoto, nikatoka nje kutazama. Nilikuta herufi N zote mbili zimegeuka, na S ya jina langu imelala kama nyoka aliyepigwa. Nikakwangua kwa wembe, nikafuta kwa tapentaini. Mara ya pili, J ikageuka. Nikafuta tena. Chumba kizima kilinuka, kichwa kikaniuma.

Ndipo nikakumbuka jinsi masista walivyotufundisha kuhamisha mchoro wa maua kutoka karatasi hadi kitambaa. Niliandika maneno yangu sawasawa kwenye karatasi kwa mkaa, nikaipaka karatasi mafuta ya kula mpaka ikapitisha mwanga, nikaibandika nje ya kioo, maandishi yakitazama njiani. Nilipoingia ndani, nikayaona yote yamegeuka yenyewe, yananisubiri niyafuate kwa brashi. Niliandika jina langu. Chini yake FUNDI CHEREHANI. Pembeni nikachora gauni lenye mikono mifupi na mkanda kiunoni, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Nilisubiri siku mbili herufi zikauke, ndipo nikapaka nyeupe nusu yote ya chini.

Yule fundi rangi alipita siku moja, akasimama mbele ya kioo kwa muda. "Mstari wako umepanda upande mmoja," akasema. Ulikuwa umepanda kweli. Sikuufuta.

Majirani walinong'ona kidogo. Mke wa jirani mmoja aliniuliza kama mume wangu ameniacha, maana jina lake halipo. Nilimwambia, "Yupo, anakula ugali ndani." Baada ya wiki mbili, mama mmoja aliingia na kitambaa cha maua kikiwa kimekunjwa kichwani. Alikuwa ametoka kijijini kwa miguu, vumbi limemfika magotini.

"Mwangaluka, mayo," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Niliona gauni kwenye dirisha. Nikamwomba mtu anisomee jina. Nikasema, hili ni jina la mwanamke." Alitazama mlango, akatazama kioo. "Walioko nje wanatuona?"

"Hapana. Toka ukajihakikishie."

Alitoka kweli. Nilimsikia akizunguka mbele ya dirisha, kisha akarudi akicheka, akafunga mlango mwenyewe. Alivua kanga akaiweka juu ya kiti. Mwanga uliingia kwa juu ukatutosha sote wawili, na namba kwenye futi nilizisoma bila kukodoa macho.

"Sijawahi kupimwa," akasema.

"Simama wima. Usizuie pumzi, gauni litakubana."

Nilimpima mabega, kifua, kiuno, na urefu hadi chini ya goti. Alitaka mikono iwe mirefu kuliko ile ya kwenye picha, na mfuko upande wa kulia. Nilichukua kalamu nikaandika vyote, na kabla hajaondoka nilikuwa nimeshatandaza kitambaa chake mezani na kushika mkasi.