Taya la Kushoto

Machinjioni walimwita Dakika Sita, kwa kuwa huo ndio muda aliohitaji kumvua ng'ombe ngozi bila kuitoboa. Nyumbani hakuwa na haraka. Katika miaka tisa ya ndoa alimvunja mkewe mbavu mbili na kidole, na kila mara palikuwa na sababu: chumvi imezidi, chumvi imepungua, mlango umechelewa kufunguliwa. Majirani walimsifu kwamba angalau hakuwa mlevi.

Kazi ya kuchuna hufanywa na watu wawili. Mvutaji huivuta ngozi kwa mikono miwili, na mchunaji huyapitisha makali ya kisu pale inapoachana na nyama. Mchunaji hatazami, anafuata mvuto. Mvutaji akivuta mapema, ngozi inatoboka, na aibu ni ya mchunaji. Asubuhi moja mvutaji alivuta mapema. Dakika Sita alilitazama tundu, akamtazama mvutaji, ambaye alikuwa na kifua kama mlango wa ghala. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza ameingia, amemletea ufunguo aliousahau. Dakika Sita akachomoa chuma cha kunolea kiunoni, akampita mvutaji, akampiga mkewe taya la kushoto. Alipoanguka alimwongeza mateke mawili.

Bahati mbaya yake, mtu anayeangusha ng'ombe kwa nyundo alikuwa kaka wa mke. Huyo alimpiga Dakika Sita kichwani, ila alitumia mpini tu. Baadaye aliwaambia polisi kwamba angetumia kichwa cha nyundo wasingekuwa na haja ya kumfuata mgonjwa hospitali. Dakika Sita alilala kifudifudi kwenye mfereji wa damu, na kwa muda haikujulikana ipi yake na ipi ya ng'ombe.

Alizinduka siku ya nane. Miaka kumi na mitano ya mwisho ilikuwa imefutika, ndoa na kazi vikiwemo. Aliwasalimia wauguzi mmoja mmoja. Mkewe alipoletwa, taya limefungwa kwa waya, alimsogezea kiti.

"Pole, dada. Nani kakufanyia unyama huu?"

Mke hakuweza kujibu, kwa sababu ya waya.

Suala hili limewashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi, wengi wao wakiwa wamekaa vizuri. Yupo aliyeshikilia kwamba mtu ni kumbukumbu zake: usichokumbuka kukitenda, hukukitenda wewe. Yupo aliyechungulia ndani yake akiitafuta nafsi, akakuta joto, baridi, chuki na njaa vikipokezana vyumbani, mwenye nyumba hayupo. Wengine, wa kale zaidi, walimwona mtu katika mazoea yake. Hakuna kati yao anayesemekana kuandika haya akiwa na waya mdomoni.

Dakika Sita, bila kusoma ukurasa, aliungana na wa kwanza. Waliomsimulia, hata jinsi alivyompita mvutaji, aliwasikiliza kwa masikitiko, kama anayesikia habari za jirani mkorofi. "Mtu huyo afungwe," alisema. Kisha akaomba arudi nyumbani.

Mke, waya zilipotolewa, alikuwa na jambo moja la kujua: akimfungulia mlango, ataingia nani? Na kulikuwa na kaka yake, mahabusu kwa kudhuru mwili, akisubiri maelezo ya mlalamikaji. Koplo wa polisi akamkutanisha kaka huyo na Dakika Sita kituoni.

"Shemeji, umenivunja kichwa," alisema Dakika Sita. "Nimekukosea nini?"

"Umempiga dada yangu."

"Simkumbuki aliyempiga. Si mimi huyo."

"Sawa kabisa. Basi na niliyempiga mimi si wewe. Nenda kamwite mwenyewe aje alalamike."

Koplo aliweka kalamu chini. "Nyie, hapa kuna nafasi ya jina moja tu la mlalamikaji."

"Kichwa kinaniuma mimi," alisema Dakika Sita.

"Na taya linamuuma yeye," alijibu kaka wa mke. "Ukichukua kichwa, chukua na taya. Huwezi kuchagua nyama ukaacha mifupa, hapa si buchani kwako."

Dakika Sita aliomba siku tatu za kufikiri. Siku ya pili alirudi kazini. Hospitali walisema mazoea yangemsaidia. Mke alikwenda kumtazama, akasimama karibu na mlango. Alitaka kuona mtu ambaye hajui kuchuna.

Dakika Sita alikishika kisu kwa woga, akauliza waanzie wapi. Mvutaji akavuta. Kisu kikaenda chenyewe, mguu, paja, ubavu, naye akacheka kwa mshangao kama mtu anayejikuta anaogelea. Mke hakucheka. Ilikuwa dakika ya tano mvutaji, kwa kufurahi, alipovuta mapema.

Ngozi ikatoboka.

Chuma kilikuwa kimeshatoka kiunoni. Kilimpita mvutaji, ambaye alikuwa hatua moja tu na ndiye mkosaji, kikaenda hatua sita hadi mlangoni. Mke aliinua mkono kulikinga taya, na mfupa wa mkono ukalia kama kijiti kikavu. Mvutaji alimbeba Dakika Sita juu juu, akambamiza kwenye ndoano mpaka sikio likachanika.

Dakika Sita alikaa sakafuni, damu ikimtiririka shingoni, akamtazama mvutaji kutoka miguuni hadi kifuani, halafu akahesabu kwa macho hatua za kwenda mlangoni. Akahesabu tena.

Alikwenda kituoni kwa miguu yake, na chuma mkononi.

"Andika," alimwambia koplo. "Mkono wa leo ni mimi. Na taya la siku ile, mimi. Kichwa siulizi, mtoeni shemeji."

"Umeshakumbuka?"

"Hapana."

"Sasa unakiri vipi jambo usilolijua?"

"Mvutaji alikuwa karibu zaidi," alisema Dakika Sita. "Na leo pia."

Koplo hakuelewa, ila aliandika. Jioni mke aliletwa kumtambua, mkono umefungwa kwa ubao. Aliposimamishwa mbele ya chumba cha mahabusu, nduguye alikuwa akitoka, anafunga mkanda.

"Mama, tazama vizuri. Ndiye aliyekupiga leo?"

"Ndiye."

"Na la taya?"

Dakika Sita alikuwa amesimama wima, kitambaa sikioni, akimtazama kwa upole uleule wa hospitali, kama anayetaka kumsogezea kiti. Mke alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ndiye," alisema. "Weka kufuli."