Zamu za Giza na Zamu za Mwezi

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha kukausha dagaa hapa Kigoma nilipewa ufagio, nifagie chini ya chanja, vile vitanda vya waya tunavyoanikia. Msimamizi wa Zamu, Bi Zubeda wa Ujiji, akanitazama.

"Wewe wa Simbo, jembe unalijua. Dagaa je?"

"Nawajua kwenye sahani, mama."

Wanawake walicheka, mmoja mpaka akakaa chini. Kicheko kile hadi leo nakitamani.

Bi Zubeda alinifundisha kupanga watu kwa kufuata mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala, na sisi tunapumzika. Wanabaki watatu wa kufunga magunia. Giza likirudi, wote mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa.

Alipostaafu nikashika nafasi yake. Nimeishia darasa la saba, lakini Ekseli niling'ang'ana nayo nikaiweza: majina pembeni, tarehe juu, halafu rangi. Nyeusi kazi ya giza, njano mapumziko ya mwezi. Hata asiyejua kusoma alijua rangi yake pale ukutani.

Ndipo Meneja Gervas akaleta programu ya kupanga zamu. Karani wake, Sofia, akaja kuchukua faili langu alipakie humo.

"Inasoma rangi?" nikauliza.

Sofia alishaijaribu, alijua haisomi. Akainamia meza.

"Dada Eveta, rangi ni mapambo," Gervas akasema. "Makao makuu wanataka kuiona inafanya kazi Ijumaa."

Na huyo ni mtoto wa Kasingirima, amelelewa kwa dagaa! Mambo ya mwezi aliyajua.

Programu ikachukua majina ya waliokuwa kazini wiki ile, rangi ikaziacha. Ilikuwa wiki ya mwezi mkubwa, ile ya watu watatu, nayo ikajirudia kila wiki. Giza liliporudi mitumbwi ikaingia imejaa, na sisi tulikuwa wanne tu, mimi na wale watatu. Nikawapigia wenzangu, wakaja mbio, mlinzi akawazuia getini. Gervas alishaamuru: jina halimo kwenye programu, huingii. Tukatazamana kupitia nondo za geti, dagaa wakiwa bado marundo, wanaanza kuoza.

Makao makuu walipouliza, Gervas akasema jedwali la Eveta lilikuwa bovu.

"Ndiyo, bosi," Sofia akaitikia.

Nikatolewa kazini. Nafasi yangu akapewa Sofia.

Nyie vijana mnaopakia mafaili ya watu, muulizeni kwanza aliyeyatengeneza. Mimi sikuulizwa, na mkate wangu ukaishia hapo. Wala simsamehi mtu.

Juzi asubuhi nikakutana na Sofia sokoni Katubuka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani wako chanjani leo?"

Akanigeuzia simu yenye orodha ya zamu. "Wote hawa hapa."

Nikawaona wenzangu, mmoja mmoja, mpaka chini. Nikarudi juu nikaanza tena kusoma, natafuta Eveta, mpaka Sofia mwenyewe akaizima simu taratibu.